Choo Kigumu Baada ya Kuzaa

Soma kwanza: 2 Wafalme 5:1-14

Mama mpenzi, somo hili ni la jambo ambalo wanawake hawalitaji mbele ya watu. Nikifika Buleusa kutembelea mama waliozaa, wao huniambia habari za maziwa, habari za kitovu cha mtoto, habari za mgongo. Baba wa mtoto anaitikia, mamamkwe anaongeza lake, tunaomba pamoja, nami nafunga mfuko wangu. Halafu mama ananisindikiza mpaka njiani, na pale penye migomba, mahali watu wasipoweza kusikia, anasema kwa sauti ndogo: "Muganga, kuna jambo moja limebaki." Ninajua tayari ni jambo gani. Ninamwuliza, "Siku ngapi?" Mwingine hujibu tano. Mwingine hujibu nane. Mmoja alinijibu kwamba tangu kuzaa hajapata choo chema hata mara moja, na mtoto wake alikuwa amekwisha kuanza kucheka.

Kama wewe ndiwe mama huyo, usione haya kusoma. Na kama wewe ni baba, usiruke ukurasa huu, kwa maana kazi yako imo ndani yake. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Waisraeli walipewa amri juu ya mahali pa kwenda haja nje ya kambi, na juu ya kitu cha kuchimbia, na kufukia. Walikuwa watu wa safari na wa vita, hata hivyo Mungu hakuona neno hili kuwa dogo. Mbona sisi tulifiche?

Kwanza tujue choo kigumu ni nini. Watu wengi huhesabu siku tu, lakini siku peke yake hazitoshi. Kuna watu wazima wanaokwenda haja mara tatu kwa siku moja, na wengine mara tatu kwa juma zima, nao wote ni wazima. Tazama zaidi namna choo kinavyotoka. Kikiwa kigumu kama mavi ya mbuzi, ukilazimika kujikaza mpaka jasho linatoka, ukiondoka unasikia kwamba kingine kimebaki ndani, ukiona damu kidogo juu yake, hapo choo kimefungika, hata kama unakwenda kila siku ya pili. Tena ujue kwamba baada ya kuzaa choo cha kwanza huweza kukawia siku mbili ama tatu. Hii si ugonjwa. Ulikuwa katika uchungu, hukula, na pengine ulikwenda haja wakati wa kuzaa kwenyewe. Hakuna kitu ndani cha kutoka.

Sasa kwa nini kinakuwa kigumu? Chakula kikiisha kupita katika utumbo mwembamba, mabaki yake yanaingia utumbo mpana kama uji. Kazi ya utumbo mpana ni kunywa maji kutoka katika mabaki hayo na kuyarudisha mwilini. Fikiri juu ya bugali. Ukiisonga na kuipakua mara moja ni laini. Ukiiacha juu ya moto wakati unapiga habari na jirani, maji yanaisha, inashika chungu, na kesho utahitaji kisu. Ndivyo choo kinavyokuwa kikikaa ndani. Kila siku kinapokaa, utumbo unazidi kukinywa maji. Basi mambo mawili hukifanya kigumu: maji kuwa machache tangu mwanzo, na kukaa muda mrefu.

Mama aliyezaa anayo yote mawili. Tangu mimba, mwili wake ulikuwa na kitu katika damu ambacho hulegeza mwendo wa utumbo, na mwendo huo haurudi siku moja. Alitoka jasho na damu. Sasa maziwa yanatoka, na maziwa ni maji kwa sehemu kubwa. Mtoto anakunywa kwanza, utumbo wa mama unapata yanayobaki. Analala zaidi kuliko desturi yake. Anapewa bugali ya muhogo iliyo nyeupe sana na mchuzi kidogo, kwa sababu watu wanasema mzazi asile majani, ama asile matunda, ama asinywe maji mengi tumbo lisivimbe. Desturi hizi hazifanani katika kila nyumba, na sipendi kudharau wakubwa waliozilinda. Lakini katika Maandiko sijaona mahali panapomkataza mama aliyezaa sombe, wala katika masomo yangu ya uganga sikufundishwa hivyo.

Sababu nyingine ni dawa. Vidonge vya kuongeza damu, vile unavyopewa wakati wa mimba na baada ya kuzaa, vina chuma ndani yake. Hufanya choo kuwa cheusi, na kwa watu wengi hukifanya kigumu. Dawa za maumivu zenye nguvu, kama kodeini na tramadoli, hufunga choo kabisa, tena si nzuri kwa mama anayenyonyesha, maana hupita katika maziwa na kumlaza mtoto usingizi mbaya. Parasetamoli haifungi choo. Ukinunua dawa ya maumivu kwa mtu wa sokoni asiyejua kusoma maandishi ya kikopo, hujui umenunua ipi.

Na kuna sababu ambayo haimo katika vitabu vyote, lakini mama wa Walikale na Masisi wanaijua. Katika miaka ya 2015 na 2016 watu wengi wa Buleusa na vijiji vya Ikobo walikimbia vita, wengine zaidi ya mara moja, na vita havikuanza wala kuishia miaka hiyo. Mama mkimbizi anazaa katika nyumba ya watu ama chini ya hema. Choo ni kimoja kwa jamaa nyingi, mlango wake ni kipande cha turubai, na usiku anaogopa watu wenye silaha. Basi anajizuia. Anajizuia leo, na kesho, mpaka mwili wenyewe unaacha kumwita. Hata nyumbani pasipo vita, mama mwenye choo cha mbali mlimani, wakati wa mvua, mwenye mtoto wa siku nne mkononi, hujizuia vilevile.

Hofu kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni hofu ya nyuzi. Mama aliyepasuka na kushonwa anafikiri kwamba akienda haja, nyuzi zitakatika na kila kitu kitafunguka. Anajibana. Choo kinakauka. Siku ya tano anajaribu, kinamwumiza kweli kweli kwa kuwa kimekuwa kama jiwe, naye anasema moyoni, "Niliogopa vema." Siku ya sita hajaribu tena. Ona namna mambo yanavyozunguka: maumivu yanaleta hofu, hofu inaleta kujizuia, kujizuia kunaleta ugumu, na ugumu unarudisha maumivu. Mama anaweza kuzunguka hivi miezi mingi baada ya kidonda kupona, na mtu akimwuliza atasema tu kwamba tumbo lake ni baya tangu kuzaa.

Nitakuambia kosa langu. Zamani, katika maternite moja nilipofanya kazi, mama kijana alizaa mtoto wake wa kwanza akapasuka. Nilimshona mimi. Siku ya kumruhusu kwenda nyumbani nilimfundisha vizuri: kitovu, chandarua, kunyonyesha, dalili za damu nyingi. Juu ya choo sikusema hata neno moja. Wanawake wengine walikuwa wakingoja, na labda hata mimi niliona haya. Siku ya tisa walimleta kwa machela. Alikuwa amejizuia siku saba. Mamamkwe, aliyempenda kama binti yake, alichemsha majani, akatia pilipili, akamtilia nyuma kwa ule mpira mdogo ambao wengi wanauita puari. Dawa ilimchoma ndani, ncha ya mpira iligusa mahali paliposhonwa, nyuzi zikafunguka, usaha ukaingia. Alikaa kwetu majuma matatu. Mamamkwe alilala chini ya kitanda chake siku zote hizo, na kila alfajiri nilimsikia akilia. Hakuna aliyemwambia, na mtu wa kumwambia alikuwa mimi. Tangu siku ile sijamruhusu mama yeyote kwenda bila kumwuliza habari ya choo, hata kama mlango umejaa watu.

Basi sikia neno hili, wewe uliyeshonwa: choo laini hakikati nyuzi. Nyuzi zimewekwa na kufungwa ili zivumilie. Kinachozidhuru ni choo kigumu, na kujikaza kwa nguvu, na vitu vinavyoingizwa kwa nyuma. Kwa hiyo kazi yetu ni kukifanya choo kiwe laini na kukiruhusu kutoka mapema.

Hapa ndipo ninapotaka ukumbuke Naamani. Alikuwa mkubwa wa jeshi, alikuja na fedha na farasi, akangoja jambo kubwa. Elisha alimtumia mtu tu kumwambia aende kuoga katika Yordani mara saba. Naamani alikasirika, kwa sababu dawa ilikuwa ndogo mno machoni pake. Watumishi wake walikuwa na akili kuliko yeye. Mama wengi ni kama Naamani mbele ya kikombe cha maji. Nikiwaambia kunywa maji na kula papai, wananitazama kana kwamba ninaficha sindano. Tena angalia, Naamani aliingia mtoni mara saba. Kama angetoka baada ya mara ya tatu, angetoka na ukoma wake.

Anza asubuhi. Ukiamka, kabla ya kazi yote, kunywa kikombe kikubwa cha maji ya moto kidogo, yaliyochemshwa. Kisha kula kitu, hata kama ni uji. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana unaamka na kuanza kusukuma. Mungu aliuumba hivyo, na nguvu hiyo ni kubwa zaidi asubuhi. Baada ya robo saa nenda chooni, ukisikia hamu ama usiposikia. Mwachie mtu mtoto. Kaa dakika kumi, usijikaze. Ikiwa hakuna kitu, ondoka bila huzuni, urudi kesho saa ile ile. Mwili hujifunza saa kama mtoto wa shule anavyojifunza kengele. Na wakati mwingine wowote wa mchana hamu ikija, nenda papo hapo, hata sufuria iko motoni.

Maji ya kunywa kwa mchana mzima yafike lita mbili na nusu ama tatu, ukihesabu na uji na mchuzi. Sisemi uyanywe yote kwa mara moja. Weka kikombe karibu na mahali unaponyonyesha, na kila mtoto akinyonya, wewe pia unywe. Tazama mkojo wako: ukiwa wa njano nzito na kidogo, bado una kiu hata kama hujisikii. Kuna watu wanaosema kasiksi inaleta maziwa. Kasiksi inakausha mwili na kumfikia mtoto katika maziwa. Uji wa mtama usio na pombe utafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Juu ya chakula, mama wa Buleusa hana sababu ya kutamani vitu vya duka la Goma. Sombe iliyotwangwa na kupikwa sana kwa mawese, lengalenga, majani ya maboga, maharagi, mahindi, viazi vitamu pamoja na ganda lake lililooshwa, papai, maracuja pamoja na mbegu zake, avoka: hivi vyote vina nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, nazo hushika maji na kukifanya choo kiwe kikubwa na laini. Bugali ya muhogo peke yake ina kidogo sana. Siiharamishi, maana najua nani atanisikiliza! Lakini punguza tonge, ongeza mboga mara mbili. Ukiweza, changanya unga wa muhogo na unga wa mahindi usiochekechwa sana. Ndizi ambayo haijaiva hufunga tumbo la wengi, iliyoiva haina shida hiyo. Maharagi uyaloweke usiku, umwage maji yale, upike katika mengine, nayo hayatajaza upepo sana. Tena ongeza vitu hivi kidogo kidogo kwa siku nyingi, pamoja na maji. Anayekula sinia ya maharagi siku moja bila kunywa atavimba tumbo na kunilaumu mimi.

Namna ya kuchuchumaa nayo ni ya maana. Choo chetu cha shimo kina faida kuliko viti vya Wazungu, kwa sababu magoti yakiwa juu kuliko kiuno, njia ya choo inanyooka. Ukiwa hospitalini na unakaa juu ya ndoo ama kiti, weka miguu juu ya kigogo kidogo ama tofali, uinamie mbele, viwiko juu ya magoti. Kama umeshonwa, kunja kitambaa safi, ukishikilie taratibu mahali pa nyuzi, kwa mbele, wakati choo kinatoka. Mkono huo utakuondolea hofu zaidi ya maneno yangu. Fungua kinywa, pumua polepole kama unapuliza moto mdogo. Usizuie pumzi na kusukuma kama wakati wa kuzaa. Ukiisha, jioshe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, wala si kinyume chake, kisha nawa mikono kwa sabuni ama majivu. Kukaa katika beseni la maji safi ya vuguvugu dakika kumi, mara mbili kwa siku, hutuliza maumivu. Na tembea. Mama aliyelala siku nzima, utumbo wake pia umelala. Kuzunguka uwanja wa nyumba kunatosha kwa juma la kwanza. Sikuambii kubeba kuni.

Sasa wewe baba. Mambo haya yote yanahitaji maji, na maji yako kisimani, chini ya mlima. Mama wa siku tano akiteka maji mwenyewe, atayapima kwa vikombe, mtoto aoshwe, chakula kipikwe, na yeye mwenyewe atakunywa mwishoni. Teka wewe, ama tuma kijana. Rekebisha choo: weka mlango unaofunga, weka fito la kushikilia, kata majani ya njiani. Usiku msindikize na taa. Nimewaona wanaume wanaolia mbele ya kanisa juu ya neema ya Mungu, na choo cha nyumba yao hakina mlango.

Juu ya vidonge vya damu, usivitupe. Ninasema hivi kwa nguvu kwa sababu ndivyo mama wengi wanavyofanya wakiona choo cheusi na kigumu, kisha wanatuficha. Mama aliyepoteza damu nyingi, mwenye malaria ya mara kwa mara, anahitaji chuma hicho. Vimeze pamoja na chakula na tunda kama papai ama chungwa, usivimeze na chai, maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Kama choo kinabaki kigumu, njoo useme. Muganga anaweza kubadili kipimo ama siku za kumeza.

Ikiwa umefanya haya yote siku nne ama tano na bado hakuna nafuu, kuna dawa nzuri katika kituo cha afya, nazo hazimdhuru mtoto anayenyonya. Laktulosi ni maji matamu mazito. Mama hupewa kijiko kikubwa kimoja mara moja ama mbili kwa siku. Inavuta maji ndani ya utumbo. Inakawia siku moja ama mbili kufanya kazi, kwa hiyo usiseme jioni kwamba imeshindwa. Bisakodili ni kidonge kidogo kinachomezwa usiku, na asubuhi utumbo unasukuma. Ni cha siku chache tu, si cha kuzoea. Mama aliyepasuka mpaka msuli wa njia ya nyuma anapaswa kupewa dawa ya kulainisha tangu mwanzo, asingoje ugumu. Mama huyo asitiwe kitu chochote nyuma, hata na muganga, mpaka mahali pale pamekaguliwa vizuri.

Na ule mpira, nimekwisha kukuambia niliyoyaona. Sisemi kila majani ya wazee ni sumu. Lakini utumbo wa ndani hauna ngozi kama ya mkono. Pilipili inauchoma, maji machafu yanaingiza wadudu, ncha ngumu inaweza kuutoboa, na utumbo uliotobolewa huua. Hata mama asiyeshonwa, akizoea mpira kila juma, mwili wake unasahau kazi yake. Vilevile usimtilie mtoto mchanga. Mama aliyefungika tumbo huanza kuhesabu siku za mtoto pia! Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, akipita mwezi mmoja na nusu, huweza kukaa siku kadhaa bila choo, kisha kikatoka laini. Ikiwa ananyonya, anakua, na tumbo lake halikuvimba, mwache. Akitapika majani-kijani ama tumbo likiwa gumu, hapo mlete mbio.

Kuna mama ambao shida hii inakaa nao miezi. Kwao tunatafuta mambo mengine. Pengine ni bawasiri, yaani mishipa iliyovimba na kutoka nyuma kwa sababu ya mimba na kujikaza. Inauma, inatoa damu nyekundu, na mara nyingi inarudi ndani yenyewe choo kikilainika. Pengine ni msuli wa chini uliolegea. Huo unaurudishia nguvu kwa kuubana kana kwamba unazuia mkojo na upepo, ukihesabu mpaka tano, ukiachilia, mara kumi, asubuhi na mchana na jioni, hata ukiwa kanisani, hakuna atakayejua. Pengine ni minyoo mingi, na dawa yake ni rahisi. Na kuna moja inayowadanganya watu: mama anasema anahara, nguo inachafuka kidogo kidogo na maji ya choo, anapewa dawa ya kufunga tumbo. Kumbe ndani kuna choo kigumu kilichoziba kama jiwe, na maji yanapita pembeni yake. Ukimpa dawa ya kufunga tumbo unamwongezea jiwe. Kwa hiyo mama aliyekuwa amefungika siku nyingi, kisha akaanza kuhara ghafula bila tumbo kupungua, apimwe kwanza.

Jambo hili usilichanganye na lingine lililo zito. Kama choo ama upepo vinapita katika njia ya mtoto, ama mkojo unatiririka bila kukoma, huko si kufungika, wala si laana, wala hukukosa kitu. Ni tundu linalobaki mwili ukipasuka vibaya ama ukibanwa na kichwa cha mtoto siku nyingi. Linaitwa fistula. Linashonwa na madaktari waliojifunza kazi hiyo. Hospitali ya HEAL Africa katika Goma, na ya Panzi katika Bukavu iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, zimewatengeneza wanawake wengi waliokuwa wamefukuzwa na waume zao. Mwambie muganga wa karibu, naye atakuandikia barua ya njia.

Usingoje mpaka asubuhi kwa mambo haya: tumbo limevimba na kuwa gumu, na hakuna choo wala upepo unaotoka; unatapika; una homa; mahali paliposhonwa pananuka, panatoa usaha, ama pamefunguka; damu nyingi inatoka mbele ama nyuma; maumivu ya tumbo yanazidi kila saa, zaidi sana kama ulizaa kwa kupasuliwa. Mama mwenye dalili hizi asipewe dawa ya kuharisha wala mpira nyumbani. Abebwe.

Njia za kutoka Buleusa tunazijua. Pikipiki inapanda kwa shida, na mvua ikinyesha haipandi kabisa. Basi mpange mapema, mimba ikiwa bado changa: nani atabeba machela, nani ataangalia watoto wakubwa, fedha ya pikipiki imewekwa wapi na nani anajua mahali hapo. Mamamkwe aje pamoja na mgonjwa, na aseme bila kuficha kila dawa iliyotumiwa, majani gani, siku ngapi, ilinywewa ama ilitiwa nyuma. Hatutamkemea. Tukijua, tunaanza kazi mara moja. Na wewe mama, siku ya kuja kupima mtoto baada ya majuma sita, kama muganga hakukuuliza habari ya choo, mwambie wewe, mle ndani ya chumba, kabla hujafunga mlango.